Safari ya Huduma ya Kanisa Nje ya Nchi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mwaliko Hadi Marejesho ya Fedha

Kabla ya kuchangisha hata senti moja, pateni barua ya mwaliko kutoka kanisa mwenyeji. Ujumbe wa simu unaosema "karibuni wakati wowote" hautoshi. Barua isainiwe na mchungaji pamoja na angalau mzee mmoja wa kanisa, na ijibu mambo manne: kazi gani inahitajika, nani ataisimamia kila siku, nani ataimalizia ninyi mkishaondoka, na kazi hiyo ingefanywaje kama msingekuja.

Jibu la swali la nne ndilo la kusoma mara mbili. Mwenyeji akisema kwamba mafundi wa hapo wangemaliza kwa wiki mbili kama fedha zingekuwepo, basi kinachopungua ni saruji na ujira, wala si mikono. Bado mnaweza kwenda. Kusali pamoja, kula pamoja na kujifunza ni sababu tosha ya safari, ila wafadhili waambiwe hivyo hivyo, wasiambiwe kwamba mnakwenda "kuwajengea".

Kumbukeni pia kwamba mgeni mwenye fedha hakataliwi kirahisi. Mchungaji anayetegemea misaada yenu atasema ndiyo hata kwa jambo ambalo waumini wake hawalitaki. Dawa yake ni kumpa nafasi ya kuchagua: mwandikieni mapendekezo matatu, na mojawapo liwe "msije mwaka huu, tumeni fedha kwanza". Akilichagua hilo, lipokeeni bila kununa.

Kalenda

Mwaka mmoja hadi miezi kumi kabla: mwaliko, mazungumzo na mwenyeji, bajeti ya kwanza. Miezi tisa: usaili wa wasafiri. Miezi sita: pasipoti zote ziwe mkononi na tiketi zianze kutafutwa. Miezi mitatu: viza, bima, orodha ya vifaa vitakavyonunuliwa huko huko. Wiki sita hadi nane kabla: kila mmoja awe ameonana na daktari wa wasafiri. Wiki mbili za mwisho ni za kufunga mizigo na kuomba. Mkijikuta bado mnafukuzia viza wakati huo, mlichelewa tangu ile miezi sita kabla ya safari.

Watu

Idadi nzuri ni 8 hadi 12, wakiwemo viongozi wawili, mwanamume na mwanamke. Kikundi cha hivyo huenea kwenye basi dogo moja na hulishwa na jiko moja bila kuwachosha akina mama wa kanisa mwenyeji. Wakifika 25, wenyeji huacha shughuli zao zote kuwahudumia wageni, na kazi iliyowaleta hubaki pale pale.

Gawaneni majukumu kabla ya kuondoka. Kiongozi hufanya maamuzi. Mhasibu hushika fedha, na asiwe kiongozi yule yule. Wa afya hubeba sanduku la huduma ya kwanza na orodha ya dawa na mzio wa kila msafiri. Wa mawasiliano ndiye pekee anayezungumza na wenyeji kuhusu ratiba. Bila huyu wa mwisho, watu watano watamwahidi mchungaji mambo matano tofauti siku ya kwanza.

Usaili uwe wa kweli: fomu, mdhamini mmoja asiye ndugu, na mazungumzo ya ana kwa ana. Ulizeni jinsi mtu anavyokuwa akikosa usingizi, na anavyopokea amri kutoka kwa kijana kuliko yeye. Mtu aliye katikati ya msiba au ndoa inayovunjika asubiri safari nyingine. Ugenini atahitaji uangalizi ambao hamna nafasi ya kumpa. Na kila atakayekuwa karibu na watoto, alete cheti cha tabia njema kutoka polisi.

Walio chini ya miaka 18 wabebe barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, iliyothibitishwa kwa wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Maofisa wa mipaka huiulizia, na mtoto anaweza kuzuiwa kupanda ndege hata kama baba yake mdogo ndiye kiongozi wa safari.

Hati na sheria

Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita zaidi, zingine zikihesabu kutoka siku ya kuingia, zingine siku ya kuondoka. Hesabuni kutoka siku ya kuondoka, mtakuwa salama kwa vyote viwili. Kurasa mbili tupu ziwepo. Jina kwenye tiketi lifanane herufi kwa herufi na lile la mistari ya chini ya ukurasa wa picha. Mama aliyeolewa karibuni akikatiwa tiketi kwa jina la mume huku pasipoti ina jina la baba, atakwama kaunta.

Viza ndiyo sehemu inayochukuliwa kwa wepesi kupita zote. Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu kazi, hata ya kujitolea isiyolipwa, na wakati mwingine hairuhusu kuhubiri. India, kwa mfano, ina aina yake ya viza kwa wamisionari. Nepal nayo, sheria ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 inafanya kumbadilisha mtu dini kuwa kosa, na mgeni anaweza kufungwa kisha kuondoshwa nchini. Ulizeni ubalozi kwa maandishi: "Tutafanya kazi fulani, kwa siku kadhaa, bila malipo, tuombe viza gani?" Jibu lao lichapeni, mlibebe. Msikubali ule ushauri wa kanisani wa "semeni tu mnakwenda kutembea". Mkigundulika, ninyi mtapandishwa ndege mrudi kwenu, lakini mwenyeji aliyewaandikia mwaliko atabaki pale akijibu maswali.

Tiketi za safari nzima ziwe chini ya namba moja ya buking. Mkinunua vipande viwili kwa mashirika mawili ili kuokoa fedha, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwasubiri na hailipi.

Bima isomwe sehemu ya yasiyolipwa kabla ya sehemu ya yanayolipwa. Bima nyingi za wasafiri hazilipi majeraha ya kazi za mikono, kupanda juu ya paa, wala ajali ya pikipiki. Kama mnakwenda kuezeka, nunueni inayotaja kazi hiyo kwa jina. Gharama ya kumsafirisha mgonjwa kwa ndege hadi hospitali kubwa lazima iwemo.

Fedha

Bajeti igawanywe mafungu matatu yasiyochanganyika: usafiri na makazi ya wasafiri, kazi yenyewe, na akiba ya asilimia 10 hadi 15. Wafadhili wana haki ya kujua kila fungu. Fungu la kwanza likizidi la pili mara kumi, sameheni maswali yao. Ni maswali halali.

Fedha za vifaa zitumwe kwa benki, kwenye akaunti ya kanisa mwenyeji inayohitaji saini mbili, kwa awamu: ya kwanza vifaa vifike eneo la kazi kabla yenu, ya mwisho baada ya kazi kukaguliwa. Taslimu ibebwe ya matumizi madogo tu. Nchi nyingi hudai fedha nyingi zitangazwe mpakani: Marekani ni zaidi ya dola 10,000, Umoja wa Ulaya ni kuanzia yuro 10,000. Kugawana mafungu mifukoni ili kila mmoja awe chini ya kiwango ni kosa lenyewe.

Kuhusu zawadi na misaada ya mtu mmoja mmoja, wekeni sheria moja na msiilegeze: chochote anachotaka kutoa msafiri kinapitia kamati ya mwenyeji. Binti wa kikundi akimpa kijana mmoja simu, kesho yake kuna ugomvi katika nyumba kumi ambao yeye hatausikia kamwe.

Kazi yenyewe: hesabu ya zege

Ujenzi ndio kazi inayopendwa na vikundi vingi, na ndio unaoharibika kwa sababu mpango ulifuata tarehe za ndege badala ya tabia ya saruji. Tuchukue jamvi, yaani sakafu ya zege, la chumba cha darasa, mita 8 kwa 6, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 4.8. Kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo hula takribani kilo 320 za saruji. Jamvi zima ni kama mifuko 31 ya kilo 50. Agizeni 34, maana haikosi kuwepo uliochanika na ulioganda. Mchanga kama mita za ujazo 2.2, kokoto 4.3. Likishachanganywa ni zaidi ya tani 11, na kama hakuna mashine, zote hizo zinapita kwenye makoleo, makarai na toroli zenu.

Jamvi hilo limwagwe kwa siku moja. Mkiacha nusu hadi kesho, pale panapokutana zege la jana na la leo hapashikani vizuri, na ufa utapita hapo hapo. Kwa hiyo mchanga, kokoto na maji viwe vimefika siku moja kabla, na mchanganyiko wa kwanza uanze alfajiri.

Kosa la wageni wakichoka ni kuongeza maji. Zege jepesi huchanganyika kirahisi na kumwagika vizuri, nao hufurahi. Fundi hunyamaza kwa heshima. Mfuko wa kilo 50 unataka kama lita 25 hadi 30 za maji, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Ndoo mbili za ziada kwa kila mfuko zinadhoofisha zege kabisa, na sakafu itaanza kutoa vumbi mapema. Mwekeni mtu mmoja wa kupima maji kwa ndoo yenye alama, na asiwepo mwingine anayeruhusiwa kuyamimina.

Likishashika, jamvi linywe maji kwa siku saba angalau, likiwa limefunikwa kwa magunia au nailoni lisikaushwe na jua. Baada ya siku saba huwa na kama theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28. Nguzo za kuegemeza linta (zege linalopita juu ya mlango au dirisha) au boriti ya zege hukaa wiki mbili hivi, na zaidi kama boriti ni ndefu. Kikundi cha siku kumi kinachopanga kumwaga linta, kuondoa nguzo na kufungua darasa kwa sherehe ya kukata utepe, kimepanga hatari. Chagueni sehemu moja ya kazi iwaenee: jamvi peke yake, au rangi na plasta kwenye jengo lililokwisha simama. Kumwagilia mkishaondoka, nani atafanya? Alipwe, na jina lake liwe kwenye mpango.

Watu wasio mafundi wachekeche mchanga, wabebe, wachanganye, wamwagilie, wapake rangi, wachimbe. Kupanga tofali, kuezeka na umeme ni vya mafundi wa hapo, wanaolipwa kiwango cha kawaida cha hapo. Fundi mwashi mmoja hutumia saidia fundi wawili au watatu. Wageni kumi na wawili kwa fundi mmoja maana yake ni watu tisa wanaopiga picha. Na wale saidia fundi wa siku zote wasisimamishwe kazi kwa ajili yenu. Waajiriwe kama kawaida, wawafundishe.

Viatu viwe vya mpira, virefu. Saruji mbichi ikiingia ndani ya kiatu huunguza ngozi taratibu bila maumivu makali mwanzoni, na mtu hugundua jioni anapovua soksi. Ikiingia, vua hapo hapo, osha kwa maji mengi.

Kliniki na watoto

Daktari au muuguzi asimguse mgonjwa kabla ya kupata kibali cha muda cha baraza la taaluma la nchi hiyo. Mwanafunzi wa udaktari asiyeruhusiwa kushona jeraha kwao haruhusiwi kulishona ugenini. Dawa za msaada, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika, na ziwe zile ambazo nchi hiyo inazitumia. Mtu aliyepimwa shinikizo la damu na kupewa vidonge vya mwezi mmoja, bila zahanati ya kumfuatilia, hamkumsaidia.

Vituo vya watoto yatima viacheni kwenye ratiba. Watoto wengi wanaolelewa humo wana mzazi aliye hai, na wageni wanaokuja na fedha huwa sababu ya vituo kuendelea kuwakusanya. Mtoto anayebebwa na kubembelezwa na mgeni mpya kila wiki hujifunza kwamba kila anayempenda huondoka. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotaja madhara ya utalii na kujitolea kwenye vituo hivyo. Mkitaka kuhudumia watoto, wapeni walimu wa shule ya Jumapili wa hapo mafunzo na vitabu, wafundishe wao, ninyi mwasaidie kupanga viti na kukata karatasi.

Popote penye watoto: watu wazima wawili daima, mlango wazi, hakuna kumbeba mtoto kwenye gari peke yake, hakuna picha bila ruhusa ya mzazi, na hakuna jina la mtoto mtandaoni.

Afya

Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuingia nchi inayoidai. Cheti chake tangu Julai 2016 ni cha maisha. Mengine ya kuuliza: homa ya ini A, taifodi, pepopunda, na kichaa cha mbwa kwa wanaokaa mbali na hospitali.

Dawa za kuzuia malaria hazifanani. Atovakwoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kutoka eneo la malaria. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo lakini huendelea wiki nne baadaye. Meflokwini huanza wiki mbili au zaidi kabla, na huendelea wiki nne. Wanaougua baada ya kurudi mara nyingi ni walioacha vidonge uwanja wa ndege. Chandarua kinabaki palepale.

Maji ya kunywa yachemke kwa dakika moja kamili, au tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Kuhara kutatokea, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini ziwe nyingi. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kukata usawa. Aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama alichanjwa. Kuogelea ziwani penye kichocho, hapana.

Kinachoua wasafiri wenye afya zaidi ya magonjwa haya ni barabara. Msisafiri usiku. Gari lisilo na mikanda lirudishwe, hata kama mwenyeji ameshalilipia. Lipieni hasara yake. Pikipiki zisiguswe.

Mizigo, ratiba na mkalimani

Mzigo mmoja kila mtu, na uzito uthibitishwe kwenye tiketi. Pawabenki ziende kabini, kamwe zisiwe kwenye mzigo wa chini. Zenye hadi saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati kilichoandikwa juu yake) kwa kawaida hazihitaji kibali. Droni acheni nyumbani, nchi kadhaa huzinyang'anya forodhani. Nguo ziwe za heshima ya mahali pale, na swali hilo aulizwe mama wa kanisa mwenyeji, si mtandao.

Siku ya kwanza hakuna kazi: kulala, kusalimia wazee, kuonyeshwa eneo. Siku za kazi zianze mapema na kukoma kabla ya jua kali. Katikati ya safari wekeni nusu siku ya mapumziko, kwa kuwa magomvi ya kikundi huiva siku ya nne au ya tano. Kila jioni nusu saa: nini kimefanyika, nani hajisikii vizuri, fedha gani imetoka. Sala ifungwe hapo.

Mkalimani alipwe. Mahubiri ya dakika 30 kupitia kwake ni saa nzima, kwa hiyo andaeni ya dakika 15. Mpeni maandishi na mafungu ya Biblia jana yake, semeni sentensi nzima kisha nyamazeni. Utani mwingi hautafsiriki. Atawaambia watu "mgeni amefanya utani, chekeni", nao watacheka.

Mkirudi

Ndani ya siku 30 mhasibu atoe marejesho: mafungu matatu, risiti, na kiwango cha kubadilishia fedha kilichotumika kila tarehe. Ripoti ya kazi iandikwe na mwenyeji kwanza, ninyi mwongeze yenu chini yake. Akiba iliyobaki si ya safari ijayo mpaka wafadhili waulizwe.

Baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, mpigieni msimamizi wa kazi aeleze hali ya sakafu, mlango unaofungika au usiofungika, na kama darasa linatumika kwa kile lilichojengewa. Na msafiri yeyote atakayepata homa ndani ya mwaka huo amwambie daktari, kabla hajaulizwa, nchi aliyokwenda na tarehe aliyorudi. Malaria kali ya falsiparamu hujitokeza zaidi ndani ya miezi mitatu, lakini ile ya vivaksi hujificha kwenye ini na inaweza kuzuka baada ya miezi mingi, wakati kila mtu amekwisha sahau kwamba kulikuwa na safari.